Siri ya Mtungi Muulize Kata: Historia Fupi ya Kufungua Apu

Leo sina video. Nimejaribu kurekodi hii stori mara tatu hapa Nyayo Highrise, na kila nikianza, ama matatu inapiga honi huko Mbagathi Way ama mtoto wa jirani anaangusha kilio. Kwa hivyo nimeamua kuandika. Ni ndefu kiasi, lakini kama umewahi kukopa pesa kwa simu, ama namba yako iko kwa simu ya mtu aliyekopa, soma hadi mwisho. Hii ni stori yako pia.

Inaanza na anti yangu. Ana kibanda cha mboga karibu na geti, upande ule ambao ukiangalia chini unaona mabati ya Kibera yameshikana mpaka reli. Kuna wiki alikosa pesa ya kwenda sokoni, akakopa shilingi 3,000 kwa apu moja ya mikopo. Jina la hiyo apu nitaliacha. Akachelewa kulipa siku nne. Siku ya tano, asubuhi, nikapata SMS kutoka namba nisiyoijua: mwambie huyu mama alipe deni, alikuandika wewe kama mdhamini.

Nilidhani ni mimi peke yangu. Kumbe ilikuwa imemfikia mchungaji, mwenye nyumba, fundi wa mifereji aliyekuja kwake mara moja tu, na wanachama wote wa chama chake.

Sasa hapa ndipo mambo yalipoharibika. Anti hakujua namba zetu zilitoka wapi. Alijua kitu kimoja tu: kuna mtu mmoja aliyemwambia kuhusu deni hilo, rafiki yake wa miaka mingi, ambaye ndiye mweka hazina wa chama. Na mweka hazina ana namba za kila mtu. Anti akapiga hesabu yake, akapata jibu. Wakaacha kusalimiana. Anti akaacha kwenda chama, na zamu yake ya kupokea ilikuwa imebaki miezi miwili tu.

Jioni moja akaniambia, "Baba, si wewe hukesha na hiyo kompyuta? Hebu niambie huyu mama alinifanyia nini."

Jibu lilikuwa ndani ya simu yake. Lakini lilikuwa limeandikwa kwa lugha ambayo mtu wa kawaida hapewi kusoma. Ndiyo maana kabla nikuambie nilichopata, lazima nikurudishe nyuma kidogo. Kuna historia hapa, na kwa maoni yangu haifundishwi vya kutosha.

Mtungi ulifunikwa lini

Kompyuta haielewi Kiswahili wala Kiingereza. Inaelewa namba. Watu wa kwanza walioandika programu waliandika namba tupu, moja baada ya nyingine, na ukikosea moja, kazi yote inaharibika. Mwaka 1952, mwanamke mmoja Mmarekani anayeitwa Grace Hopper, aliyekuwa akifanya kazi kwenye mashine ya UNIVAC, alitengeneza programu aliyoiita A-0. Kazi yake ilikuwa kuchukua maagizo ya mwanadamu na kuyageuza kuwa maagizo ya mashine. Hiyo ndiyo tunayoiita kompaila. Watu wengi hawakuamini. Walidhani kompyuta ni ya kujumlisha na kutoa tu, haiwezi kuandika programu.

Kompaila ilikuwa baraka. Bila hiyo hatungekuwa na M-Pesa, wala hizi video mnazotazama. Lakini ilileta kitu kingine kimyakimya. Tangu hapo kila programu ina maandishi mawili. Kuna yale ya mwandishi, yenye majina na maelezo yanayoeleweka. Halafu kuna yale ya mashine, ambayo majina mengi yamefutwa na maelezo yametupwa. Mwandishi anabaki na ya kwanza, wewe unauziwa ya pili.

Mwaka 1984 mtu mwingine, Ken Thompson, mmoja wa waliounda mfumo wa Unix, alichapisha hotuba fupi iliyowatisha watu wa kompyuta dunia nzima. Alieleza jinsi mtu anavyoweza kuharibu kompaila yenyewe. Ikitengeneza programu ya kuingilia kwenye mfumo, inaweka mlango wa siri. Ikitengeneza kompaila mpya, inaweka humo tena ule ujanja wake. Ukisoma maandishi ya mwandishi, ni safi kabisa. Uchafu uko kwenye maandishi ya mashine peke yake.

Fikiria hiyo kidogo. Maana yake ni kwamba hata ukipewa maandishi ya mwandishi, bado haitoshi. Lazima kuwe na mtu anayeweza kufungua ile ya pili na kuangalia kilichomo.

Kata ilitoka wapi

Wazee husema siri ya mtungi muulize kata. Kata ndiyo huingia ndani, kwa hivyo ndiyo inajua kama maji ni masafi. Miaka ya tisini zilikuja kata ndogo za programu, za bei ya bure.

Mwaka 1991 Mholanzi Guido van Rossum alitoa lugha ya Python. Mwaka 1993, huko Rio de Janeiro, wasomi watatu wa chuo cha PUC-Rio walianza lugha ndogo inayoitwa Lua. Mwaka 1995 kampuni ya Sun ikatoa Java. Lugha hizi zina kitu kimoja zinachofanana. Hazigeuzi programu moja kwa moja kuwa namba za mashine fulani. Zinaigeuza kuwa lugha ya katikati inayoitwa baitikodi, yaani maagizo mafupimafupi ambayo programu nyingine ndogo huyasoma na kuyatekeleza. Na zote zina kata yake: Java ina javap, Lua ina luac, Python ina dis.

Wacha nikuonyeshe, kwa sababu hii kitu inaonekana ngumu na si ngumu. Tuseme nimeandika kwa Python hesabu ya deni: chukua mkopo, ongeza asilimia 15 ya mkopo huo. Mstari mmoja tu. Nikiuliza dis kilichomo ndani, ananijibu hivi, nikitafsiri: leta mkopo. Leta mkopo tena. Leta 0.15. Zidisha vile viwili vya mwisho. Jumlisha na kile cha kwanza. Rudisha jibu.

Ni kama kumwangalia mama akipanga sahani. Anaweka moja, anaweka nyingine juu yake, anachukua mbili za juu, anarudisha moja. Sasa angalia: ile 0.15 iko pale pale, wazi. Tangazo linaweza kukuambia mkopo wetu ni nafuu, ni wa kirafiki, ni wa kukuinua. Baitikodi haijui matangazo. Itakuambia 0.15.

Jinsi hii kitu ilivyofika mtaani

Sisi hapa Kenya tuliingia kwenye hii historia kupitia simu. M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007, kwenye simu za mulika mwizi ambazo hazikuwa na apu. Mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari zikafika Mombasa na intaneti ikaanza kushuka bei. Halafu kuanzia 2011 Safaricom ikauza Huawei IDEOS kwa kama shilingi 8,000, na ghafla watu wa mtaa wakashika Android. Mwishoni mwa 2012 M-Shwari ikaja, mkopo bila kuona benki. Mwaka 2014 ikaja Mkopo Rahisi, ambayo baadaye ilibadilishwa jina ikawa Tala. Branch ikafuata 2015. Baada ya hapo zikamiminika nyingi hata majina yake huwezi kushika.

Wazo la apu hizi lilikuwa la akili, lazima niseme ukweli. Mama wa kibanda hana hati ya shamba wala cheti cha mshahara. Lakini ana SMS za M-Pesa, na hizo ni kama daftari la biashara yake. Apu inasoma SMS, inaona pesa ikiingia na kutoka, inaamua ikupe ngapi. Watu ambao benki haikuwahi kuwaangalia walipata pesa ya stoki kwa dakika tano.

Shida ilikuwa ruhusa. Kwa miaka ya kwanza ya Android, ruhusa zote uliombwa kwa mkupuo siku ya kuweka apu. Ulikubali zote ama uikose. Ni Android 6, ya mwaka 2015, ndiyo ilianza kuuliza moja moja wakati apu inapotaka. Na hata hapo, mtu ambaye mtoto wake hajala hasomi kijisanduku. Anabonyeza kubali, kubali, kubali.

Nilichopata kwa simu ya anti

Sasa turudi kwa anti. Apu ya Android inakuja kama faili moja inayoishia na apk. Siri ya kwanza, ambayo huwa inashangaza watu: hiyo faili ni zipu ya kawaida. Ni mfuko tu. Python inaweza kuufungua kwa mistari miwili.

Ndani ya mfuko kuna vitu viwili tunavyovitaka. Kuna AndroidManifest.xml, ambayo ni kama barua ya apu kwa simu: naitwa fulani, naomba ruhusa hizi. Na kuna classes.dex, ambayo ni programu yenyewe, kwa baitikodi ya Android. Mashine ya kwanza iliyosoma baitikodi hiyo iliitwa Dalvik, jina la kijiji cha wavuvi huko Aisilandi. Mashine hiyo ilishabadilishwa zamani, tangu Android 5, lakini faili za dex zimebaki.

Faili ya dex ina nidhamu nzuri. Herufi tatu za kwanza ni d, e, x. Baiti 112 za kwanza ni kama ukurasa wa yaliyomo. Ukienda baiti ya 56 unapata idadi ya maneno yote yaliyotumika ndani ya programu, na kwenye baiti ya 60 unaambiwa orodha yake inaanzia wapi. Yaani mtungi wenyewe unakuonyesha mahali pa kuingiza kata.

Niliomba ruhusa ya anti, nikachomeka waya, nikatoa faili, nikaandika skripti ya mistari kama thelathini. Kuna zana kubwa za Python kama Androguard zinazofanya hii kazi vizuri zaidi, na hatimaye niliitumia kusoma ile barua ya ruhusa, kwa sababu imefungwa kwa mtindo wake. Lakini ya kwanza nilitaka niiandike mwenyewe, ili anti akiniuliza, niweze kumweleza kila hatua.

Kwenye barua, ruhusa ya READ_SMS ilikuwepo. Na READ_CONTACTS pia, ruhusa ya kusoma namba zote ulizohifadhi.

Hapo nikataka kupiga kelele, lakini nikajizuia. Kuomba ruhusa si kuitumia. Mimi nina ufunguo wa nyumba ya anti, na hiyo haimaanishi nimemwibia sufuria. Kwa hivyo nikaingia kwenye dex, kwenye maagizo yenyewe. Nikafuata. Kuna sehemu ilikuwa inafungua orodha ya namba, inachukua jina, inachukua namba, inarudia mpaka orodha iishe. Halafu inaipanga yote kwenye furushi moja. Halafu inaliita lile agizo la kutuma kwenye seva. Majina ya sehemu hizo yalikuwa yamefichwa, yamegeuzwa kuwa a, b, c. Lakini hawawezi kuficha jina la mlango wa Android unaotoa namba, kwa sababu huo si wao, ni wa simu. Lazima waugonge kwa jina lake.

Sikuweza kuona kilichofanyika kwenye seva yao, wala sikujaribu. Tangu 2018 tuna sheria ya makosa ya mitandao, na kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini ni kosa. Tafadhali vijana msinisome vibaya. Mimi nilisoma kilichokuwa ndani ya simu ya anti, kwa idhini yake, nikaishia hapo. Na hiyo ilitosha.

Sheria ilikuja, lakini ilikuja nyuma

Usifikirie anti alikuwa peke yake. Malalamiko ya namna hii yalijaa nchi nzima mpaka serikali ikaamka. Sheria ya Ulinzi wa Data ilitiwa saini Novemba 2019. Aprili 2020 Benki Kuu ikawazuia wakopeshaji wa kidijitali wasiosimamiwa wasipeleke majina ya watu kwa CRB. Desemba 2021 Benki Kuu ikapewa mamlaka juu yao, na kanuni zikatoka Machi 2022. Kanuni hizo zinakataza kabisa kuingia kwenye orodha ya namba za mteja ili kuwatumia watu ujumbe akichelewa kulipa. Septemba mwaka huo, katika maombi 288, waliokuwa wamepewa leseni ni 10.

Mwaka 2023 Google nayo ikazuia apu za mikopo kusoma namba na picha za mteja. Na Septemba 2023, ofisi ya Kamishna wa Data ikaitoza faini ya shilingi 2,975,000 kampuni ya Mulla Pride, yenye apu za KeCredit na Faircash, kwa kutumia namba za watu walizopata kwingine kuwatumia vitisho.

Ni hatua nzuri, nazipongeza. Lakini hesabu miaka. Kutoka 2014 hadi 2022 ni miaka minane. Miaka hiyo yote, ushahidi ulikuwa umelala ndani ya mamilioni ya simu, ndani ya zipu ya kawaida. Haukuhitaji amri ya korti. Ulihitaji watu wanaojua kufungua.

Kwa nini nasema hii

Wengi hapa mnajua kwamba mpaka 2009, ukifungua ramani za mtandaoni, Kibera ilikuwa karibu patupu. Watu laki kadhaa wanaishi hapo, na ramani haina njia, haina choo, haina shule. Mwaka huo mradi wa Map Kibera ukachukua vijana wa humo humo, wakapewa vifaa vidogo vya GPS, wakatembea njia kwa njia wakichora. Hawakusubiri mtu aje kuwasoma. Walijisoma.

Nikiwaza kuhusu apu, nawaza hivyo hivyo. Mwaka 2022 KICD iliidhinisha mtaala wa kufundisha watoto kuandika programu, na tulishangilia kuwa wa kwanza Afrika. Sawa. Lakini naona tunawafundisha watoto kuandika tu, kama vile kila mmoja atakuwa mwenye kampuni. Wengi wao hawataandika apu hata moja. Wote watasomwa na apu, kila siku, maisha yao yote. Mbona tusiwafundishe kusoma pia? Somo moja tu: hii ni faili, ifungue, niambie inaomba nini na inapeleka wapi. Mtoto wa darasa la nane anaweza.

Kuna mtu ataniambia, wewe mambo yako ni ya wataalamu, mama mboga atafanya nini na baitikodi? Nakubali, anti hatawahi kuandika Python. Lakini pia hajui kutengeneza mizani, na bado mizani ya sokoni hukaguliwa na kupigwa muhuri, kwa sababu zamani watu walichoka kupunjwa. Si lazima kila mtu ajue kukagua. Lazima kwenye kila ploti awe na mtu wa kumuuliza.

Mwisho wa stori

Nilichapisha ukurasa mmoja pale cyber. Upande wa kushoto maagizo kama yalivyo, upande wa kulia nikaandika Kiswahili: hapa inafungua namba zako, hapa inachukua jina, hapa inatuma. Anti akavaa miwani, akasoma mara mbili. Akaniuliza, "Kwa hivyo hii ilifanyika lini?"

Nikamwambia, inavyoonekana humu, inatuma mara tu ukishabonyeza kubali. Kabla hata ya kupewa zile 3,000. Kabla ya kumwambia mtu yeyote.

Akanyamaza. Akaukunja ule ukurasa, akauweka kwa mfuko wa aproni, akafunga kibanda mapema. Sikumfuata. Najua tu kwamba Jumapili iliyofuata nilimwona yeye na mweka hazina wakishuka pamoja ngazi za jengo letu, mmoja amebeba kiti cha mwenzake, wakienda chama.

Namba zetu hazikurudi. Bado napata SMS za ajabu, na fundi wa mifereji bado humtania anti kuhusu udhamini. Kuisoma apu hakukurudisha kilichochukuliwa. Kulirudisha urafiki mmoja tu, na mimi nikajua kazi ninayotaka kufanya.

Ile skripti nitaiweka bure wiki ijayo, na maelezo yake kwa Kiswahili. Ukiwa na apu unayoishuku, anza na barua yake ya ruhusa. Na kama kuna mtu uliacha kumsalimia kwa sababu ya SMS kama ile, mtumie hii kwanza.